Tazama magurudumu kwanza: kununua na kutunza mabehewa ya abiria ya treni za mfano ukiwa Uganda

Baba yangu alikuwa mkaguzi wa mabehewa Tororo, pale reli ya Soroti inapoachana na ile ya Kampala. Treni ya abiria ikisimama, watu wote walitazama nani anashuka. Yeye aliinama. Alitembea upande mmoja wa treni akarudi kwa upande wa pili, nyundo ya mpini mrefu mkononi, akigonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Zima lililia kama kengele. Lenye ufa lilitoa mlio mfu, kama debe lililotoboka, na behewa hilo halikuondoka hata kama lilipakwa rangi jana.

Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Jinja, na mabehewa yangu yana urefu wa sentimita 26. Hata hivyo kila ninalolipata nalipindua kwanza. Vijana wanaokuja kuyaona huniuliza, "Mzee, tuanzie wapi?" Nawaandikia hao, na yeyote wa Kampala, Mbale au Gulu anayetaka treni ya abiria ya mfano bila kutupa pesa. Kichwa cha treni kila mtu hukichagua kwa makini. Behewa hununuliwa kwa macho, kwa sababu limependeza, kisha ndilo linalotoka relini kila jioni.

Hatua ya 1: Amua kipimo

Kipimo cha HO ni 1:87, yaani mfano ni mdogo mara 87 kuliko treni halisi, na reli yake ina upana wa milimita 16.5. OO, kinachopendwa Uingereza, ni 1:76, lakini kinatembea juu ya reli ileile ya 16.5. Kwa hiyo behewa la OO na la HO yatapita njia moja bila shida, ila ukiyaunganisha la OO litaonekana jitu mbele ya mwenzake. N ni kidogo zaidi: 1:160, reli ya milimita 9, ingawa Waingereza hutengeneza kwa 1:148 na Wajapani mara nyingi kwa 1:150. Cha G, cha bustanini, hutumia reli ya milimita 45.

Ukiniuliza mimi, chukua OO au HO. Najua N inavutia mtu mwenye chumba kimoja. Lakini sisi tunaishi na vumbi jekundu, na punje ambayo behewa la OO linaipita bila kuisikia inatosha kulitoa la N njiani.

Wengi wangependa behewa la kwetu hasa, lile lililokuwa likienda Kasese usiku. Reli yetu ni ya upana wa mita moja tangu ilipoanza kujengwa Mombasa mwaka 1896, na sijawahi kuona kiwanda kikiuza behewa la mfano lenye maandishi ya Uganda Railways. Njia zipo mbili. Ya kwanza ni HOm, yaani 1:87 juu ya reli ya milimita 12. Kampuni ya Bemo hutengeneza mabehewa ya Uswisi ya namna hiyo, mazuri lakini ghali, nawe utabadilisha rangi na maandishi. Ya pili ndiyo ninayoipenda: jenga bodi mwenyewe kwa kipimo cha 1:64, uiweke juu ya bogi za kawaida za OO, yaani zile fremu ndogo za magurudumu zinazobeba behewa. Piga hesabu: 16.5 mara 64 ni milimita 1056. Umeizidi mita moja kwa milimita 56, ambazo kwenye mfano hazifiki hata milimita moja, na hakuna jicho litakaloziona. Watu wa Afrika Kusini na New Zealand, ambao reli zao zina upana wa milimita 1067, wanafanya hivyo hivyo.

Kwa vipimo, nenda na utepe kwenye makumbusho ya reli hapa Jinja, uombe ruhusa, upige picha hadi chini ya sakafu. Ukifika Nairobi, usikose makumbusho yao yaliyofunguliwa 1971. Humo limo behewa namba 12, ambalo simba alimtoa afisa wa polisi Charles Ryall akiwa usingizini, kituo cha Kima, mwaka 1900. Chora madirisha yake. Utajifunza jinsi mafundi wa zamani walivyofikiria joto, kivuli na hewa.

Hatua ya 2: Pima kona kabla ya kupenda behewa

Behewa halisi la Ulaya lenye urefu wa mita 26.4 huwa milimita 303 kwa kipimo cha HO. Kwenye kona kali, tumbo la kitu kirefu hivyo huingia ndani ya njia na ncha zake hutoka nje, likagusa nguzo, ukuta wa handaki au treni inayopishana nalo. Ndiyo maana viwanda vingi vimeuza mabehewa yaliyofupishwa hadi milimita 282, au hata 264. Si ulaghai. Yamekatwa ili yapite kwenye kona za nyumbani.

Shiti ya plaiwudi tunayoinunua hapa ina upana wa sentimita 122. Duara la reli namba mbili la Hornby, kampuni ya Uingereza, lina rediasi ya milimita 438, na namba tatu ni 505. Yote mawili yanakaa juu ya shiti moja, na nafasi ya stesheni inabaki. Duara namba moja, la milimita 371, liachie mabehewa mafupi na treni za mizigo. Mabehewa ya Kimarekani ya futi 85 yanahitaji rediasi ya kuanzia milimita 610 hivi, na hata hapo hayana raha. Kama huna ukumbi, yaache.

Fanya jaribio hili kabla ya kutuma pesa: kata karatasi ngumu kwa urefu na upana wa behewa unalolitaka, weka alama mahali bogi zinapokaa, uitembeze kwa mkono juu ya kona yako huku alama zikifuata katikati ya reli. Utaona mahali pa kugusa.

Hatua ya 3: Jua magurudumu yameumbwa kwa umeme gani

Hapa ndipo nilipoumia. Mabehewa yangu manne ya kwanza niliyanunua kwa muuzaji wa ng'ambo, yametumika kidogo, rangi inang'aa, pazia ndogo madirishani. Niliyasubiri miezi mitatu. Jioni niliyoyaweka relini, kichwa cha treni kilinyamaza papo hapo. Nikaondoa behewa, kikawaka. Nikarudisha, kikazima. Shoti. Magurudumu yalikuwa ya mfumo wa reli tatu, ambamo gurudumu la kushoto na la kulia yameunganishwa kwa chuma kitupu. Kwenye reli mbili kama zangu, kila ekseli ilikuwa waya unaounganisha chanya na hasi.

Kwa hiyo elewa hivi: mfumo wa reli tatu, ambao kampuni ya Kijerumani ya Märklin ndiyo inayojulikana nao zaidi, hautaki kizuizi cha umeme kati ya magurudumu. Mfumo wa reli mbili unakitaka lazima. Mabehewa mengi yanaweza kubadilishiwa ekseli, na mimi ndivyo nilivyofanya, lakini ekseli kumi na sita za ziada nazo zina bei yake. Tafuta neno AC au DC kwenye boksi: AC ni reli tatu, DC ni reli mbili.

Na ukinunua seti nzima yenye transfoma, soma kibandiko chake. Kwetu umeme ni volti 240. Seti ya Uingereza utaichomeka ukutani kama ilivyo, hata plagi inalingana. Ya Marekani ni ya volti 120 na ya Japani ni 100. Zisichomekwe kabisa. Nunua transfoma nyingine.

Hatua ya 4: Mwulize muuzaji, na udai picha ya chini

Muuzaji mwaminifu hachoki kuulizwa. Mimi huomba picha tatu: behewa likiwa limelala chali, ncha zake mbili, na boksi likiwa wazi. Chini natazama kama magurudumu ni ya chuma au plastiki, kama bogi zina ngazi zake zote, na kama viungo vya kuunganishia mabehewa viko kwenye vile vifuko vidogo vya mstatili vya kiwango cha Ulaya, NEM 362. Kifuko hicho kikiwepo, kiungo huchomolewa na kingine kuingizwa kwa vidole. Kisipokuwepo, utakata na kubandika. Nchani natazama bafa, vile vya kupokea mgongano wa mabehewa, na ile njia ya mpira ya abiria kupita kutoka behewa hadi behewa, maana ndivyo vinavyovunjika kwanza.

Boksi lina hadithi yake pia. Sponji ya zamani ikianza kubomoka au kunata, hakikisha haijashika rangi. Na kwenye mabehewa ya zamani yenye vipande vya aloi ya zinki, uliza kama kuna sehemu iliyovimba, kupinda au kupasuka yenyewe. Zinki iliyochanganyika na risasi wakati wa kuyeyushwa huoza kutoka ndani mpaka ikawa makombo, na ugonjwa huo hauna dawa. Behewa hilo liache.

Agiza viungo vya akiba na ekseli moja au mbili ndani ya mzigo huohuo. Gharama ya posta ya kurudi kuagiza kitu cha gramu tano itakuuma kuliko bei yake.

Hatua ya 5: Kulileta behewa

Posta, kampuni ya kusafirisha vifurushi, au ndugu anayerudi likizo. Kwa posta hakikisha kifurushi kina namba ya kufuatilia na kimeandikwa sanduku lako la posta pamoja na namba ya simu. Tenga pesa za forodha tangu mwanzo. VAT peke yake ni asilimia 18, na ushuru wa kuingiza huja juu yake. Hifadhi risiti ya malipo, maana bila hiyo thamani atakisia mwingine.

Hatua ya 6: Ukaguzi wa siku ya kwanza

Usiunganishe behewa na treni siku linapofika. Lilaze chali juu ya taulo.

Anza na umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja. Kwa OO na HO unatafuta kama milimita 14.4 hadi 14.5. Kalipa ya kidijitali inatosha. Yakikaribiana mno hugonga reli ya ulinzi kwenye swichi, pale njia inapogawanyika, na kuruka. Yakiachana mno hubana kwenye kona. Kurekebisha, shika gurudumu moja kwa kila mkono, zungusha huku ukivuta au kusukuma kidogo sana, upime tena. Usibane ncha ya ekseli kwa koleo. Ncha ile imechongwa kama penseli ili izunguke bila kukwama, na ukiikwaruza umeiua.

Kisha lisikilize, kama baba. Zungusha kila ekseli kwa kidole karibu na sikio. Inayozunguka vizuri hutoa mvumo mwembamba na kusimama taratibu. Yenye uchafu au unywele hukwaruza na kusimama ghafla. Baadaye chukua kipande cha reli iliyonyooka cha mita moja kilichobandikwa juu ya ubao, inua ncha moja sentimita 2, weka behewa juu. Behewa huru huondoka lenyewe au kwa kuguswa tu. Ukifika sentimita 3 na bado limekaa, kuna ekseli inayobanwa.

Magurudumu ya plastiki badilisha yawe ya chuma. Plastiki hukusanya ugoro mweusi na kuusambaza reli nzima. Gurudumu la behewa la OO lina kipenyo cha kama milimita 14, la gari la mizigo 12, usichanganye. Urefu wa ekseli pima kabla ya kuagiza: za OO nyingi ni milimita 26, lakini zinatofautiana, na nusu milimita tu hufanya gurudumu likwame au lidondoke.

Sasa uzito, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu nusu ya mabehewa yanayoanguka hayana ugonjwa mwingine. Ni mepesi. Chama cha wanamodeli wa Marekani, NMRA, kina kanuni ya HO ambayo kwa vipimo vyetu inakuwa hivi: gramu 28, kisha ongeza gramu 5.6 kwa kila sentimita ya urefu. Behewa la sentimita 26 linatakiwa kufika gramu 173 hivi. Pima kwenye mizani ya jikoni. Likipungua, nenda kwa fundi wa matairi umwombe vile vipande vya kubandika vya kusawazisha magurudumu ya gari. Vina gramu 5 au 10 kila kimoja na gundi tayari mgongoni. Vibandike ndani, juu ya sakafu, chini ya viti, karibu na bogi zote mbili kwa usawa. Kamwe si darini, maana behewa zito juu hulala kwenye kona.

Kama kichwa chako cha treni ni kidogo, usijaze yote hadi kikomo. Ni afadhali mabehewa sita ya gramu 150 sawasawa kuliko matatu mazito na matatu mepesi. Jepesi likiwekwa mbele ya mazito, huvutwa kwa ndani kwenye kona na kung'oka.

Mwisho wa ukaguzi ni viungo. Vyote viwe urefu mmoja kutoka juu ya reli. Kama unatumia vya kampuni ya Kadee, nunua na kile kipimo chao cha urefu. Kisha tembeza behewa mbele mara kumi, na kinyumenyume mara kumi kupitia swichi zote. Kurudi nyuma ndiko kunakofichua uongo.

Hatua ya 7: Taa, ukizitaka

Balbu za zamani za waya hupasha paa la plastiki hadi likapinda. Zitoe, weka kipande cha utepe wa LED wa volti 12, unaouzwa kwa mita madukani Kampala. Fundi wa redio yeyote atakulehemea daraja la dayodi ili umeme uwe wa upande mmoja, rezista ya kupunguza mwanga, na kapasita ya volti 25 ili taa zisipepese. Mwanga uwe hafifu. Behewa la abiria usiku halikuwa duka la simu. Vibanzi vya kuchukua umeme kwenye magurudumu vinaongeza breki, kwa hiyo rudia jaribio la ubao.

Hatua ya 8: Kutunza kwa hali ya hewa yetu

Magurudumu kwanza, kila mwezi kama treni inatembea. Nakunja tishu ya jikoni, nailaza juu ya reli zote mbili, naitonesha alkoholi ya isopropili, kisha nashika behewa kwa bogi na kuliendesha huku na huku juu yake. Mistari miwili myeusi hujitokeza. Nasogeza tishu mahali pakavu na kurudia hadi mistari ififie. Petroli, thina na asetoni zisisogee. Huyeyusha plastiki ukiwa unatazama. Ekseli zenye ncha kali ndani ya plastiki hazihitaji mafuta. Mafuta yatashika vumbi na kuwa saruji. Ukilazimika, unga kidogo wa grafaiti.

Vumbi la juu ondoa kwa brashi laini ya kujipaka poda, kutoka darini kwenda chini. Usifute kwa kitambaa kikavu. Vumbi letu lina mchanga, utachora rangi.

Unyevu wa ziwa hapa Jinja ni mwingi, na katika mvua za Machi hadi Mei boksi la karatasi huota ukungu. Toa sponji zote za zamani, kwa sababu unyevu ndio unaozibomoa, na zikinata hazibanduki bila kuchukua rangi. Behewa lifunge kwa karatasi nyeupe laini, si kwa plastiki ya vipovu, ambayo kwenye joto huacha alama za duara ubavuni. Weka ndani ya chombo cha plastiki chenye mfuniko unaobana, pamoja na vifuko vya silika. Chombo kisikae karibu na mabati wala dirisha la jua. Nililiona behewa la rafiki yangu lililopinda kama ndizi baada ya kusahauliwa siku moja ndani ya gari lililofungwa.

Mende hula karatasi na gundi, hivyo boksi halisi lenye thamani nalo liingie chomboni. Mijusi huacha kinyesi kinachochoma rangi: kilowanishe kwa maji, ngoja, kisha kitoe. Nyigu wa udongo hupenda handaki lisilotumika. Chungulia kila wiki kabla ya kupitisha treni, nimewahi kukuta handaki limezibwa na udongo mgumu katikati kabisa.

Hatua ya 9: Daftari

Kila behewa lipe namba chini ya sakafu na ukurasa wake: tarehe lilipofika, uzito, aina ya ekseli, kipimo cha migongo ya magurudumu, na kila mara lilipoanguka na mahali. Likianguka mara tatu mahali pamoja, lawama ni ya reli. Likianguka mahali tofauti tofauti, lawama ni ya behewa. Ukurasa wa juzi katika daftari langu unasomeka hivi: "Namba 4. Limetoka njiani swichi ya stesheni, kinyumenyume. Ekseli ya pili 14.1. Imerekebishwa 14.5. Imeongezwa gramu 20. Limezunguka mara kumi mbele, kumi nyuma. Liende."